Roboti ya plastiki, Kau, na kosa lisilo na Ctrl+Z

Nimekuwa kimya siku nyingi, na sababu mtaiona hapa chini. Leo naweka programu pembeni, nizungumzie roboti ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe.

Kwa wasiozijua: modeli hizi zilianza kuvuma Julai 1980, Bandai ya Japani ilipotoa RX-78-2, roboti ya katuni ya Mobile Suit Gundam ya 1979, kwa yeni 300. Skeli ilikuwa 1/144. Kwenye katuni ina urefu wa mita 18, kwa hiyo mezani inabaki sentimita 12 na nusu. Zile za kwanza zilitaka gundi. Nyingi za siku hizi hushikana kwa vijiti na matundu tu.

Yangu niliijengea Kau, kwa mjomba wangu. Nilishuka basi Witu, nikachukua bodaboda hadi Kipini, kisha boti kupanda Mto Tana. Nilisema nimekuja likizo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesimamishwa kazi: nilitoa amri ya kufuta kwenye hifadhidata ya wateja nikidhani ni ile ya majaribio, na nakala ya akiba ilikuwa ya siku tisa nyuma.

Haya, tathmini. Maelekezo ni picha na namba: fremu A, kipande cha 14, kinaingia hapa. Mjomba ni fundi wa mitumbwi. Kijapani hajui, wala mimi sijui, lakini alifuata kurasa zote bila kuniuliza neno. Maelezo ninayoandikia programu zangu hayajawahi kufika hapo.

Kukata ni mara mbili: kwanza mbali kidogo na kipande, kisha karibu, halafu unasugua kwa msasa. Ukikata mara moja, plastiki huacha alama nyeupe.

Kwenye bega niliharakisha. Nilisukuma kipande kikiwa kimegeuzwa, kijiti kikavunjika. Kosa langu mwenyewe. Jamani, vidole vilitafuta Ctrl+Z!

"Ulikijaribisha kabla ya kusukuma?" mjomba akauliza.

"Hapana, mjomba."

"Na huko kazini?"

Nikaduwaa. "Nani amekwambia?"

"Mtu wa likizo hulala usingizi, mwanangu."

Nikamweleza yote. Hakunihubiria. Alipasha sindano moto, akatoboa pande zote mbili, akaingiza kipande cha waya na tone la gundi. "Chombo kikipasuka tunakiziba," alisema. "Hatukitupi. Lakini pia hatusemi hakijapasuka."

Alama zangu: maelekezo 9 kwa 10, umbo 8, ujenzi wangu 5. Ushauri kwa anayeanza: jaribisha kila kipande kwa wepesi kabla ya kukibana, na usifanye kazi ya viungo ukiwa umechoka.

Usiku ule nilimwandikia msimamizi wangu: amri ipi, saa ngapi, na kwamba sikuangalia niko kwenye seva gani. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimesema tu kwamba "mfumo ulipata hitilafu". Jibu sijapata bado.

Roboti nimemwachia mjomba. Imesimama dirishani inatazama mto. Mkono wa kulia haupandi kupita bega, lakini haujaanguka.