Shamba la Mjane

Mume wangu alipochaguliwa kuwa mbunge mwaka 2005, yeye alihamia Dodoma kwenye vikao, mimi nikabaki jimboni, mkoani Iringa, nikiendelea kufundisha. Wageni wake wakawa wangu. Wanaume waliacha ujumbe wa barabara na ada wakaondoka, wanawake walikaa. Wengi wao walikuwa wajane, na shauri lao lilikuwa shamba: arobaini haijaisha, shemeji wameshafika kuonyeshana mipaka.

Mmoja alifungua fundo la kanga akatoa karatasi yenye mhuri wa kijiji. Ilisema ekari tatu za mahindi na alizeti ni mali ya ukoo wa marehemu. Jina lake halikuwamo, na ndiye aliyelilima shamba hilo tangu aolewe.

Nilitafuta Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la ardhi la kijiji linatakiwa liwe na wajumbe saba, watatu wao wanawake. Haya nikayaandika gazetini. Mhariri alitaka chini ya jina langu paandikwe “mke wa mbunge”. Nikakataa, maana mjane hakuhitaji cheo cha mume wangu bali kifungu cha sheria. Wazee wa koo walimlalamikia mheshimiwa. Akaniambia, “Mama, wewe andika. Kura nitaziomba mwenyewe.”

Mwaka 2010 niliingia halmashauri, diwani wa viti maalum. Wakati wa kuandikisha hakimiliki za kimila nilikwenda vijijini na maofisa ardhi, na kabla fomu haijajazwa nikiuliza: mama wa nyumba hii yuko wapi? Baba akijibu kwamba jina lake linatosha, tulimtuma mtoto akamwite mama shambani. Tulimsubiri.

Nilipomaliza udiwani, mwaka 2015, Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 lilikuwa bado linatumika mahakamani. Kwa kanuni zake za urithi wa kimila, mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atunzwe na watoto wake. Yaani sheria ya ardhi inampa mwanamke shamba, ya urithi inamnyang’anya siku ya msiba. Ninaandika juu ya tangazo hilo mpaka leo.