Mbona Huwi Kama Dada Yako?

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize jambo kabla hujafungua ukurasa mwingine. Mara ya mwisho ulipomlinganisha mwanao na mtoto mwingine, ulikuwa unatafuta nini? Usijibu haraka. Mimi nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na jibu la swali hili sikulipata chuoni. Nilipewa na msichana wa darasa la nne.

Kilichonikumbusha ni simu. Mjukuu wangu aliye gredi ya nne huko Nairobi alinipigia Jumapili moja jioni.

"Dani," akaniita, maana ndivyo sisi Wajaluo tunavyowaita nyanya zetu, "mwalimu ametuambia tusome vitabu viwili vya hadithi, halafu tulinganishe na kulinganua. Sasa niseme kipi ndicho kizuri?"

Kabla sijafungua kinywa nikasikia sauti ya mamake ikitokea jikoni: "Dada yako angekuwa amemaliza zamani!"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Katika nyumba moja, kwa dakika moja, kazi ya kulinganisha ilikuwa imekosewa mara mbili.

NANI NAMBA MOJA?

Twende pamoja hadi Migori, mwaka wa 1996. Mnaoujua mji huo mnajua ni mji wa wapita njia, kwani barabara kuu ya kwenda Isebania na Tanzania inapita katikati yake. Darasani mwangu walikuwamo Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Wakisii, Waluhya na watoto wa wafanyabiashara Wasomali. Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja.

Vitabu vya hadithi vilikuwa haba kama maziwa ya kuku. Tulikuwa na kisanduku kilichowahi kubeba sabuni, na ndani yake vitabu 40 hivi, vingine bila majalada. Vilikuwamo visa vya Abunuwasi, hadithi za sungura na fisi, na viwili vitatu vya Kiingereza vya Barbara Kimenye kuhusu Moses, yule mvulana mtundu wa shule ya bweni.

Siku moja niliwasomea kisa cha Abunuwasi, na kesho yake hadithi ya sungura. Kisha nikawaambia walinganishe. Mkono wa kwanza ukapanda.

"Mwalimu, Abunuwasi ni namba moja, sungura ni namba mbili."

"Uongo!" mwingine akaruka. "Sungura ndiye namba moja!"

Lo! Kufumba na kufumbua darasa likawa kambi mbili, kama mashabiki wa Gor Mahia na wa AFC Leopards. Kengele ilipolia hakuna aliyekuwa ameniambia neno lolote kuhusu hadithi zenyewe.

Sikuwalaumu. Siku hizo mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka wa 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ndio uliokuwa mfalme wa kila shule. Kila mwisho wa muhula mtoto alibeba ripoti nyumbani, na mzazi aliiruka mistari yote akitafuta namba. Mtoto aliyelelewa hivyo, umpe vitu viwili, atafanya nini zaidi ya kuvipanga foleni?

MATAIRI MAWILI

Nilikwenda kwa fundi wa baiskeli sokoni nikaomba matairi mawili makuukuu. Nikayalaza chini mbele ya darasa, moja likapanda juu ya lingine kidogo, pakabaki sehemu ya katikati inayomilikiwa na yote mawili. Nikakata vikaratasi.

Nikawaeleza hivi: kulinganisha ni kutafuta yanayofanana, na kulinganua ni kutafuta yanayotofautiana. Kazi hizo zote mbili hazitaki mshindi. Jambo la Abunuwasi peke yake liwekwe kwenye tairi la kushoto, la sungura peke yake kulia, na la wote wawili katikati.

Niliwapa maswali matano ya kuanzia. Ni nani huyu? Yuko wapi? Anataka nini? Ni nini kinachomzuia? Mwishowe anapata au anakosa nini? Tena nikaweka sheria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja: kila anayeweka kikaratasi ataulizwa, "Umeona wapi?" naye lazima aonyeshe mahali penyewe kitabuni.

Niamini, msomaji, makelele ya namba moja yaliisha. Katikati wakaweka kwamba wote wawili ni wanyonge mbele ya wenye nguvu, na wote hujiokoa kwa akili. Kulia wakaandika kwamba sungura akishadanganya hutoroka. Binti mmoja wa Kikuria akaweka kushoto kwamba Abunuwasi hatoroki, na kesho yake yuko tena mbele ya mfalme yule yule. Nilikuwa nimesoma visa hivyo tangu utotoni, lakini jambo hilo sikuwa nimeliona. Lilionekana kwa sababu sungura alikuwa amelazwa kando yake.

AJUZA WA ZIWANI

Mwaka wa 2003, mwaka ule serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, nilikuwa nimehamishiwa Homa Bay. Nilipitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany hadi nikaliona ziwa, matairi yangu mawili yakiwa juu ya matatu pamoja na godoro. Darasa la nne nililopewa lilikuwa na watoto zaidi ya 90, wengine wakikaa sakafuni.

Miongoni mwao walikuwapo pacha wawili. Kwa desturi yetu, pacha wa kike anayetangulia kuzaliwa huitwa Apiyo, na anayemfuata Adongo. Apiyo alikuwa wa tatu darasani, Adongo wa 61. Apiyo alijibu kila swali. Adongo sikuwa nimewahi kusikia sauti yake.

Muhula wa pili nilichagua hadithi mbili za nyumbani kabisa. Ya kwanza ni ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay ambako heroe hutua. Husimuliwa kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku wa sherehe akaja ajuza mwenye njaa, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea. Ajuza akamwonya mwanamke huyo atoke, kisha mvua ikanyesha na kijiji kikazama na watu wake.

Ya pili ni ya Nyamgondho mwana wa Ombare, maskini wa pwani ya Gwassi. Badala ya samaki alivua ajuza. Akamchukua nyumbani, na utajiri wa mifugo ukamiminika. Lakini usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana na kumkumbusha alikotolewa. Asubuhi ajuza akaingia ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Wanasema Nyamgondho alibaki amesimama ufuoni akitazama, hata leo wageni hupelekwa Nyandiwa kuonyeshwa mahali pake.

Apiyo, kama kawaida yake, akawa wa kwanza. "Zote zina ajuza, zote zina ziwa, na zote zina adhabu." Darasa likampigia makofi. Nilikuwa nikiinama kuokota vikaratasi niendelee, mara nikasikia sauti nisiyoijua.

"Lakini wale wa Simbi walimnyima mtu wasiyemjua. Nyamgondho alimtukana mtu aliyekula naye."

Alikuwa Adongo. Nikamwuliza, "Umeona wapi?" Akaja mbele, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, kisha kwenye wa pili. Alikuwa sahihi.

Siku hiyo tulibishana mpaka kengele, safari hii ubishi wenye faida. Kosa lipi ni zito zaidi, kumfungia mlango mgeni au kumdharau mtu wa nyumbani? Niliwatuma wakaulize kwa nyanya zao, na kesho yake wakarudi kila mmoja na masimulizi yake, wengine wakiapa kwamba kitabu kimekosea. Marehemu Asenath Bole Odaga, aliyechapisha hadithi za Kijaluo katika kitabu chake Thu Tinda! mwaka wa 1980, angefurahi kuwasikia.

DUARA LA ADONGO

Ijumaa nikawaambia kila mmoja achague vitu viwili anavyovijua vyema, achore maduara yake. Nilipokusanya madaftari nikakuta embe na ndizi, omena na mbuta, matatu na baiskeli. Daftari la Adongo nikalisoma mara mbili.

Alikuwa amechora Apiyo na Adongo. Katikati aliandika: mama mmoja, siku moja, kitanda kimoja. Kwenye duara la Apiyo yalijaa maandishi: anasoma haraka, anapendwa na walimu, anaimba kanisani, wa tatu. Kwenye duara lake mwenyewe kulikuwa na maneno mawili tu: "Si Apiyo."

Msomaji, sikupata chakula cha jioni siku hiyo. Nilitoa kitabu nilichonakili maoni ya ripoti za muhula wa kwanza, nikatafuta jina lake. Mbele ya jina hilo, kwa mwandiko wangu mimi mwenyewe, niliona: "Afuate mfano wa dadake." Mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto kwamba kulinganisha si kutafuta mshindi, ndiye niliyemwandikia mtoto huyu kwamba hana chake.

Jumatatu sikumhutubia. Nilimrudishia daftari na kumwambia, "Duara hili halijajaa. Kuhusu Nyamgondho ulisema jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Liandike hapa." Akaandika. Wiki iliyofuata akaongeza kwamba anajua kushona nyavu za babake. Baadaye: "Nikimaliza kusoma ninakaa nikifikiri."

Mwisho wa muhula babake, mvuvi, alikuja kuchukua ripoti mbili. Nikamsihi asome moja, aikunje, ndipo afungue ya pili. Akaniuliza, "Mwalimu, na namba je?" Nikamwambia namba ipo, haikufutwa, lakini nimeandika na mengine chini yake. Alisimama kando ya dirisha akasoma ya Adongo polepole, midomo ikitembea.

Sikudanganyi kwamba Adongo aligeuka namba moja. La hasha. Alimaliza shule ya msingi na alama za kadiri. Lakini tangu muhula ule alikuwa akiinua mkono.

NYUMBANI KWAKO

Leo watoto wana vitabu zaidi kuliko wa enzi zangu. Tangu mwaka wa 2015 mpango wa Tusome uliwapelekea watoto wa madarasa ya chini ya shule za umma vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, mtoto na chake. Basi mzazi, usimwachie mwalimu kazi hii. Chagua vitabu viwili vyenye jambo linalovifunganisha: vyote vya sungura, au vyote vya mtoto aliyepotea. Someni vyote kwa sauti. Usianze na swali la kipi kizuri. Anza na yale maswali matano, chora maduara nyuma ya kalenda ya mwaka jana, na usichoke kuuliza, "Umeona wapi?" Mfundishe kuunganisha mawazo kwa maneno kama vilevile, ilhali, bali na ingawa. Mwishowe mwulize: ni nini ulichokiona katika kitabu hiki kwa sababu ulisoma kile?

Hayo ndiyo niliyomwambia mjukuu wangu kwenye simu. Aliposhiba maelezo nikamwomba anipe mamake.

"Na wewe chukua karatasi," nikamwambia binti yangu. "Chora maduara mawili. Moja la huyu kijana, moja la dadake."

Akanyamaza kitambo. Nikasikia sufuria ikiondolewa jikoni.

"Mama," akasema, "la dadake naweza kulijaza sasa hivi. La huyu nianzie wapi?"

"Anzia na ulichokiona kwa macho yako mwenyewe," nikamjibu. Na wewe msomaji, nakupa kazi hiyo hiyo. Kalamu iko wapi?