Kifusi cha Kyela si zege

Mimi ni fundi ujenzi. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kuponda kuta zilizoanguka na kufyatulia matofali mapya. Wageni wakifika hapa Kyela hukimbilia kuiangalia mashine. Wangeanza na lundo la kifusi.

Kuta zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo. Masika, mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka ikijaa, maji hukaa mlangoni, udongo wa katikati hulainika na ukuta unalala. Hicho kinachobaki ndicho ninachokiponda.

Sasa, tanuru moja halitoi matofali sawa. La katikati limeiva. Ukiligonga linalia kama chuma. La pembeni ni bichi hata kama limeshageuka jekundu, nalo likikutana na maji hurudi kuwa tope. Ukishayaponda pamoja huwezi kuyatenganisha tena. Kwa hiyo ni kugonga na kusikiliza, moja moja, huku unakwangua udongo uliogandia. Kazi hiyo humaliza siku nzima na hakuna mteja anayekubali kuilipia.

Halafu kuna maji. Kokoto ya tofali ina kiu. Ukiichanganya kavu inanyonya maji ya saruji, na kesho yake kona inavunjikia mkononi. Ukiilowesha kupita kiasi, ukinyanyua kalibu tofali linabonyea.

Niliwahi kuitwa Ipinda kuangalia ukuta wa kifusi kisichochambuliwa. Kozi mbili za chini zilimomonyoka kwa kidole. Mwenye nyumba alikuwa ameshalipia saruji iliyoshuka kutoka kiwandani Songwe kwa bei kamili.

Watu hunitajia utafiti wa Sabai na wenzake kuhusu matofali ya kifusi, uliochapishwa mwaka 2013: asilimia 85 ya matofali yaliyopimwa ilifikia nyutoni 7 kwa milimita ya mraba. Kazi nzuri, naiamini. Lakini kifusi chao kilikuwa cha zege na saruji. Changu ni udongo uliochomwa.

Kifusi kilichochambuliwa nakishindilia chini ya jamvi, na matofali yake najengea uzio na kuta za ndani. Kwa msingi wa bondeni siyauzi, hata mteja akibembeleza. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Wataalamu washuke wachukue sampuli za kifusi hiki hiki, mwezi wa Aprili, kikiwa kimelowa.