Hadi Kinywa cha Mto Tana

Likizo hii, inshallah, tumeazimia kuwapeleka watoto Kipini, pale mto wetu wa Masalani unapoingia baharini. Tutapitia Garsen, mwendo wa mchana tu, tuzuru na Witu. Siku mbili zatosha. Uwezo wa kukaa zaidi hatuna.

Ufuo ule mtulivu uliwahi kushukiwa na majeshi. Oktoba 1890 manowari za Uingereza, chini ya Admirali Fremantle, ziliteremsha askari Kipini ili kumwadhibu Sultani Fumo Bakari, kwa kuwa Wajerumani kadhaa waliuawa Witu mwezi uliotangulia. Askari wakapanda hadi Witu, wakauteketeza mji. Wanangu huyajua majina ya wafalme wa Ulaya. La Fumo Bakari hawajapata kulisikia.

Mavyaa ameomba kufuatana nasi. Amezeeka kando ya mto huu na mwisho wake hajauona. Mume wangu asita, ahofia barabara na magoti ya mamake. Mimi nimekwisha kufunga mswala wake na dawa zake. Witu tutawasomea Fatiha wenyeji waliouawa siku zile, na Kipini tutamkalisha mavyaa mchangani, aitazame bahari.