Kutoka Tunduma Hadi Dar

Treni ya TAZARA ikitoka Zambia hukaa Nakonde kitambo kirefu. Hapo ndipo pasipoti hugongwa mihuri, na wabadilisha fedha hupanda mabehewani na mabunda ya noti mkononi, kwacha kwa shilingi, wakihesabu haraka kuliko macho yanavyoweza kufuata. Ilikuwa mwaka 1995. Tulikuwa marafiki sita, tumekata chumba kizima cha daraja la pili, vitanda vitatu upande huu na vitatu upande ule, tukirudi kutoka Johannesburg. Tulipoingia Tunduma mzee mmoja aliyesimama kwenye ujia akatukumbusha kusogeza saa mbele, maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Dirishani Kiswahili kikarudi kwa kishindo: "Kaka, mayai! Dada, karanga, za moto hizi!" Tukanunua hata tusivyovihitaji, kwa raha tu ya kuuliza bei na kuelewana bila kutafuta maneno.

Safari ile chanzo chake kilikuwa Mazimbu. Baadhi yetu tulikulia Morogoro, jirani na chuo cha Solomon Mahlangu cha hapo Mazimbu, ambacho ANC ilianza kukijenga mwaka 1978 kwa ajili ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia makwao baada ya machafuko ya Soweto. Tulicheza nao mpira, tukagombana nao, tukajifunza nyimbo zao. ANC ilipoondolewa marufuku mwaka 1990 wakaanza kurudi kwao, na mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania. Mandela alipoapishwa Mei 1994 tukaanza kuweka akiba ili tuwafuate, tukawaone wakiwa kwao. Tuliowapata tuliwakumbatia, tusiowapata tuliwaulizia mpaka tukachoka. Hayo ya kusini ni marefu. Lakini kila ninapoikumbuka safari ile, kinachonijia kwanza ni kipande cha kurudi, kuanzia Tunduma, kwa sababu hapo ndipo tulipoanza kupungua.

Wa kwanza kushuka walikuwa wawili, Mbeya. Mmoja tulimwita Fundi, na kazi yake ilikuwa ufundi kweli. Njia nzima, Harare, Bulawayo, Livingstone, yeye ndiye aliyetuamsha alfajiri tusiachwe na basi, yeye ndiye aliyejua kumtuliza askari wa mpakani kwa maneno laini. Aliyeshuka naye alikuwa binamu yake, mtu wa maneno machache. Ndugu zao walikuwa wamejaa stesheni, shangazi mmoja akatupitishia dirishani mkungu wa ndizi na parachichi nne kubwa, akitushukuru kwa kuwarudisha vijana wake salama, kana kwamba sisi ndio tuliowachunga. Fundi hakutaka maagano marefu. Alitushika mkono mmoja mmoja, akasema tu, "Tutaonana." Treni ilipoondoka aliifuata akitembea sambamba na dirisha letu mpaka jukwaa likaisha.

Baada ya Mbeya reli hupanda mpaka Uyole, sehemu ya juu kuliko zote katika njia nzima, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi ikaanza kuingia. Makambako tulifika giza limeshaanza, na hapo akashuka dada yetu, muuguzi, aliyekuwa anaunganisha basi la Njombe. Yeye ndiye aliyeshika mfuko wetu wa pamoja. Kila randi na kila kwacha iliyotoka aliiandika kwenye daftari la shule: nauli, mikate, dawa ya malaria, sabuni, barua za kuposti. Stesheni ile wanawake waliojifunga mashuka walikuwa wakiuza viazi vya kuchemsha vikitoa moshi. Alinunua, akatugawia, akanikabidhi daftari, kisha akalia waziwazi, na sisi tukalia naye. Daftari ninalo mpaka leo. Ukurasa wa mwisho ni viazi vya Makambako.

Tukabaki watatu katika chumba cha sita, na mmoja wetu, mtu wa Ifakara, akakataa kulala. Mwingine alikuwa ameshapanda juu kwenye kitanda chake. Mimi akanishika bega. "Ndugu yangu," akasema, "kutoka hapa mpaka Mlimba usifumbe macho. Hapa ndipo alipofanya kazi baba."

Baba yake alikuwa kibarua wakati reli inajengwa, kuanzia 1970 hadi 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote: bonde la chini lenye tope na mvua, kisha milima inayopanda ghafla. Tulikaa karibu na dirisha taa zikiwa zimezimwa. Treni ilikuwa inateremka, breki zinasaga, na mara kwa mara mlio wa magurudumu ulibadilika ukawa mzito, hewa ikawa na unyevu na harufu ya jiwe. "Handaki," alisema. Kisha mlio ukafunguka, mwepesi, chini yetu hakuna kitu. "Daraja." Aliyajua mengine kwa jina. Tulipopita la mto Mpanga, lenye nguzo za urefu wa mita zipatazo 50, alitoa mkono nje kama anayeweza kuigusa kazi ya baba yake.

Alinisimulia jinsi mzee alivyowaeleza watoto wake kuhusu Wachina: wanafanya kazi usiku kwa taa, wanalima mboga zao pembeni mwa kambi, na mhandisi huwezi kumtofautisha na kibarua kwa mavazi. Wengine hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam.

Historia ya reli hiyo sote tuliijua tangu shule ya msingi. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mwaka 1965, shaba ya Zambia ilibanwa, kwa kuwa njia zake kuu za baharini zilipita kwenye nchi za walowezi na Wareno. Benki ya Dunia na wakubwa wa Magharibi walisema reli ya kuja Dar es Salaam haitalipa. Nyerere na Kaunda wakaenda Uchina, wakapata mkopo usio na riba, na kilomita 1,860 zikajengwa. Lakini kuijua shuleni na kuisikia usiku ule chini ya miguu, kutoka kwa mtoto wa aliyebeba mawe, ni mambo mawili. Na sisi tulikuwa tunatoka kusini kwenyewe. Limpopo tulivuka kwa muhuri tu, na Johannesburg tulilala nyumbani kwa watu waliokuwa wakimbizi wetu. Nilimwambia baba yake alichimba na sehemu ya safari yetu. Hakujibu. Alikuwa anasikiliza handaki jingine.

Ifakara alishuka usiku wa manane. Jukwaani palikuwa na vibatari, wali na samaki wa Kilombero wa kukaanga, watoto wamelala juu ya magunia ya mchele. Alitafuta kwa macho, akamwona mzee mfupi aliyesimama kando na baiskeli, akamkimbilia na mizigo yake yote. Nilimwamkia mzee kwa sauti kutoka dirishani. Akaitikia marahaba, akainua mkono, na treni ikaondoka.

Alfajiri ilitukuta Selous, na twiga wakaacha kula kututazama. Jua lilipopanda joto la pwani likaingia, nazi zikaanza kuonekana, kisha mabati ya vitongoji vya jiji. Tuliobaki tulikuwa wawili. Ni mimi na rafiki yangu wa Temeke. Mama yake alikuwa nje ya stesheni, kwenye kivuli cha ukuta, kanga mpya begani. Simu tuliyompigia kutoka Lusaka ilikuwa mbovu. Neno lililomfikia ni kwamba sita tunafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Wenzenu wako wapi?"

Tukamhesabia: wawili Mbeya, mmoja Makambako, mmoja Ifakara.

"Na mimi nimepika pilau ya watu sita," akasema, akachukua begi langu. "Haya, twendeni mkale, na kila mmoja wao mnieleze ni mtoto wa nani."