Kutoka Namugongo hadi Nyange: Kamuli Ilivyowasoma Upya Mashahidi

Mtoto aliyekulia Kamuli miaka ya 1970 alizijua habari za Mashahidi wa Uganda kabla hajajua kusoma. Kata hiyo, ambayo leo imo Wilaya ya Kyerwa na wakati ule ilihesabiwa Karagwe, ni ya upande wa mpakani: ukivuka Mto Kagera kaskazini uko Uganda, ukivuka magharibi uko Rwanda. Kila tarehe 3 Juni ilipokaribia, katekista aliwakusanya watoto wa kigango akawasimulia habari za Kabaka Mwanga na vijana wa ikulu yake, za kuni zilizorundikwa Namugongo mwaka 1886, za Karoli Lwanga aliyechomwa taratibu kuanzia miguuni, na za Kizito aliyekuwa na miaka kama 14. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mmoja wa watoto hao, na alichorudi nacho nyumbani ni moto. Kwa akili yake ya utoto, shahidi alikuwa mtu asiyeogopa kuungua. Mtesaji alikuwa mfalme mbaya wa zamani, tena wa nchi ya watu.

Ujombani mambo yalikuwa mengine. Huko walikuwa Walutheri, tena walokole, watoto wa ule uamsho uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea hadi Buhaya na Karagwe. Mjomba hakuwa na habari nyingi za Namugongo. Mateso aliyoyajua yeye yalikuwa ya hapo hapo ukooni: alikataa kunywa pombe ya lubisi ya matambiko, basi kaka zake wakakaa muda mrefu bila kumjulia hali. Walokole wenzake waliungama dhambi zao hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakachekwa sokoni. Katika kumbukumbu ya mwandishi, mtu huyo hakuwahi kulalamika kwamba anateswa. Alikuwa akiwaombea kaka zake kwa majina, kwa sauti, usiku, na watoto waliolala chumba cha pili walisikia.

Mwaka 1977 mtesaji akatoka katika hadithi akaingia kwenye redio. Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Janani Luwum, aliuawa tarehe 16 Februari baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Serikali ya Amin ikatangaza kwamba alikufa kwa ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtu wa uamsho aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alikimbia na mkewe kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda, kisha akaandika kitabu kidogo akieleza kwa nini hatamchukia Amin. Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na Novemba daraja la Kyaka likavunjwa.

Hebu fikiria kuhubiri msamaha kwa Amin wakati huo, katika vijiji vilivyotoa vijana kwenda vitani. Wengi hawakulipokea neno la Kivengere, na mwandishi hawalaumu. Lakini ndipo alipoanza kuona kwamba ushujaa wa kufa ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kile mteswa anachobeba moyoni juu ya anayemtesa, na hiyo mjomba alikuwa ameifanyia kazi miaka mingi bila mtu kumwandika popote.

Kisha ukaja 1994, na mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Mto Kagera ulileta maiti. Zilipita kando ya Karagwe, zikaelekea Ziwa Victoria, hata watu wakaogopa kula samaki. Tarehe 28 na 29 Aprili wakimbizi zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo kuingia Ngara, na baadaye Karagwe nayo ikapata kambi zake. Kambini walikuwamo wasio na hatia na walikuwamo wauaji, katika foleni moja ya maji. Wengi walikuwa Wakristo. Walivaa rozari, walijua nyimbo, Jumapili walijaa kwenye misa. Nao walitoka katika nchi ambako watu walikimbilia makanisani wakauawa humo humo, kama ilivyokuwa Nyarubuye, ng'ambo tu ya mto.

Hapo somo la katekista lilivunjika. Lilihitaji mfalme mpagani upande mmoja na waamini upande wa pili. Sasa mwenye panga alikuwa amebatizwa. Huko Nyange, magharibi ya Rwanda, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 1,500 waliojificha ndani, na padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda pale Arusha. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha maisha. Mwandishi anakumbuka jinsi mahubiri ya 3 Juni yalivyopoa baada ya hapo. Wahubiri walisoma majina wakaketi. Hakuna aliyejua aanzie wapi.

Waliosaidia kuanza upya ni wanafunzi. Tarehe 18 Machi 1997 wapiganaji wa msituni waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Nyange, mahali pale pale, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu, na kadhaa wakafa. Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili, jambo lilo hilo likatokea Burundi katika seminari ndogo ya Buta: waseminari 40 waliuawa kwa sababu walikataa kutengana. Hakuna aliyewataka wamkane Kristo kwa kinywa. Walitakiwa wamkabidhi jirani wa kitanda.

Kwa maoni ya mwandishi, hakuna tukio la ukanda huu lililowafundisha Wakristo zaidi ya hilo. Liliwarudisha hata Namugongo wakiwa na macho mengine. Mbaga Tuzinde, mmoja wa waliouawa pale, alikuwa amelelewa nyumbani kwa Mukaajanga, mkuu wa wauaji wenyewe. Mtesaji na mteswa walikula chungu kimoja. Na Mwanga? Mwaka 1888 alipinduliwa, akavuka ziwa kukimbilia kusini, na hatimaye akapokelewa na Mapadre Weupe pale Bukumbi, katika Mwanza ya leo. Wakristo wa Buganda, ambao nao walifukuzwa wakakimbilia Nkore, walikubali kumpigania na kumrudisha kitini. Siasa ilikuwamo, bila shaka, na bunduki pia. Hata hivyo, mtu aliyewasha moto alipewa hifadhi na jamaa za waliochomwa, na watoto wa Kamuli hawakuwahi kusimuliwa hilo.

Majaribio hayakwisha. Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar tarehe 17 Februari 2013, na Mei 5 mwaka huo bomu likalipuka kwenye uzinduzi wa Parokia ya Olasiti, Arusha. Mwaka 2015 makanisa kadhaa ya eneo la Bukoba yalichomwa moto usiku. Walikuwapo waliotaka kulipiza kwa majirani Waislamu ambao hawakuhusika kwa lolote. Hapa mwandishi ana neno la ukali kidogo: si kila msiba wa Mkristo ni mateso ya imani, na anayegeuza kila ugomvi kuwa vita vya dini anawavunjia heshima waliokufa kweli kwa ajili ya imani hiyo.

Siku hizi kijana wa Kamuli anayemtafuta shahidi wa rika lake husimuliwa habari za Floribert Bwana Chui wa Goma. Huyu alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, akakataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika, akatekwa na kuuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma. Kyerwa ni wilaya ya kahawa na ya mpaka. Magunia yanayovuka kwa magendo kwenda Uganda yanajulikana kwa kila mtu, na bei ya ng'ambo inajulikana zaidi. Kwa hiyo habari ya Bwana Chui ikisomwa jumuiyani, maswali hayachelewi. Vijana huuliza ada ya shule italipwa na nani, na kama mkulima aliyepunjwa bei naye anahesabiwa mla rushwa. Wazee hawana jibu moja. Mazungumzo huendelea hadi giza linaingia, na mara nyingi huahirishwa kwa wiki inayofuata.