Safari ya Muscat, na lile mliloniambia nisiseme

Najua nimekaa kimya sana, na najua wengine mmeshaanza kusema "yule keshakuwa Mwarabu". Sijawa Mwarabu, ni zamu za usiku tu. Leo nimepata siku ya mapumziko, nguo nimeshafua, chai ya maziwa iko pembeni, nikasema niwaandikie ile safari ya Muscat. Wengi mmeniuliza picha. Picha mtazipata. Lakini kuna jambo jingine la safari hiyo ambalo sikulisema kwenye simu, na hilo ndilo lililonichelewesha kuandika. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunipigia.

Basi tuanze mwanzo. Mnajua ninapokaa, Al Ras, kule Deira kongwe, ambako Khor inajipinda kabla ya kuingia baharini. Chumba chetu kiko juu ya maduka ya viungo. Asubuhi wakifungua milango, harufu ya karafuu, hiliki na zile ndimu kavu za Oman inapanda mpaka dirishani kwetu. Mgeni huona raha, mimi siku nyingine huniliza, maana ni harufu ya darini kwa bibi. Ni mtaa wa zamani huu. Skuli ya Al Ahmadiya iliyoanza mwaka 1912 iko hatua chache tu kutoka kwangu, na kwa dirhamu moja unavuka kwa abra mpaka Bur Dubai upepo ukikupiga usoni.

Mwezi wa tatu kwa Dubai ndio mwezi wa neema. Wagonjwa wangu wa Kizungu huita majira ya machipuko. Huku hakichipui kitu, ila joto halijafungua bado lile tanuri lake, kwa hiyo kila mtu anataka kusafiri. Dada mmoja wa Mombasa, anayependwa na kila mtu hapa Deira, akapanga safari ya basi ya siku mbili kwenda Muscat, mji mkuu wa Oman, kuanzia siku ya Idi. Basi kubwa, watu arobaini na mmoja: sisi wa Unguja na Pemba, watu wa Bara, Wakenya, Waganda wawili na familia moja ya Wangazija. Viza tuliomba mapema. Mimi nilikuwa nimefanya kazi mkesha wote wa Idi, nikaswali, nikapanda basi bila kulala.

Ilikuwa Jumapili tarehe 30 Machi 2025. Sasa sikilizeni kichekesho. Emirates ilikuwa Idi siku ile. Oman hawakuuona mwezi, wao Idi yao ni Jumatatu tarehe 31. Yaani tuliondoka Deira saa moja na nusu asubuhi tumeshiba vitumbua na mandazi, tunapeana mkono wa Idi, halafu tunakwenda kuingia nchi ambayo watu wamefunga! Nyinyi mnaoyajua mambo ya mwezi huko nyumbani hamwezi kushangaa.

Kwenye basi mashehe wakazuka. Mmoja anasema ukivuka mpaka unarudi kwenye Ramadhani, mwingine anasema msafiri ana ruhusa yake, wa tatu anakula sambusa huku anawasikiliza wote. Dada wa Mombasa akasimama akasema: "Jamani, fatwa zenu baadaye. Oman ni kosa kula mchana wa Ramadhani mbele za watu. Tukifika mpakani kila mtu afunge kontena lake." Ikaisha.

Mpaka ni Hatta upande wa Emirates, kisha unaingia Al Wajajah upande wa Oman. Milima pale ni mikavu, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Tulikaa foleni, pasi zikagongwa, mizigo ikashushwa, ikapandishwa. Mtoto mmoja wa Kingazija akamuuliza askari wa Oman kwa Kiswahili kama kuna choo, na askari akamjibu kwa Kiswahili, tena cha Unguja: "Kipo, mwanangu, pita kule." Basi zima likapiga makofi! Ndipo nilipohisi kwamba nakwenda kwa watu wangu.

Kutoka pale ni barabara kubwa inayofuata pwani: Shinas, Sohar, Barka, mitende upande huu, milima upande ule. Wote wanaimba kasida na taarabu. Mimi nilikuwa nimekumbatia begi langu mapajani, naomba njia iwe ndefu.

Mnajua kulikuwa na nini ndani ya begi. Kulikuwa na kanga ya bibi.

Kwa wale wasiojua: bibi yetu ana mdogo wake Muscat. Tunamwita bibi mdogo, ingawa sasa ana miaka themanini na moja. Aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akakaa Mombasa, halafu yeye na mumewe wakaja huku. Mara ya mwisho dada hawa wawili kuonana ni mwaka 1998. Baada ya hapo ni barua, kadi za simu, na hizi sauti za WhatsApp. Bibi yetu alifariki Novemba 2024. Na nyinyi wazee wangu mkaamua, kwa huruma, najua ni kwa huruma, kwamba bibi mdogo asiambiwe, kwa sababu ya moyo wake na presha. Akiuliza mbona dada hatumi sauti, mkamwambia daktari amemkataza kuzungumza. Na mkaongeza: "Hata nesi wetu wa Dubai amesema apumzike."

Hilo la mwisho nililijua baadaye. Sikuwa nimesema hivyo. Mlitumia kazi yangu, jamani.

Halafu mkanitumia kanga na maelekezo: "Mpe, mwambie dada yako amekuletea zawadi ya Idi."

Tulifika Muscat Alasiri, tukasimama Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Picha hazitoshi. Ulifunguliwa mwaka 2001. Ukumbi wa wanaume unachukua watu 6,500, na zulia lake ni kipande kimoja cha mita za mraba 4,343, uzito tani 21. Wanawake 600 wa Iran walilifuma kwa miaka minne. Niliwaza migongo ya wale wanawake 600. Sisi tukaswali ukumbi wa wanawake, ni mdogo kuliko ule lakini una utulivu wake. Nikaomba Mungu anipe la kusema. Nje mjukuu wa bibi mdogo alikuwa ananisubiri na gari. Nikawaaga wenzangu, tukutane kesho Mutrah.

Nyumba yao iko Seeb. Nilivua viatu mlangoni, nikasikia kwa ndani: "Kaja? Mleteni." Nikaingia. Jamani, nilisimama. Ni bibi yule yule! Ule ule mdomo, ule mkono unaoshika ncha ya mtandio. Nikamshika mkono nikaubusu, nikasema shikamoo bibi. Akasema: "Marahaba. Umekonda. Unakaa wapi Dubai?" Nikasema Al Ras. Akacheka. "Al Ras! Mimi nilishuka hapo hapo 1969, kwa jahazi kutoka Mombasa. Tulikaa miaka miwili kando ya Khor mpaka Qaboos alipowaita watu warudi. Nilikuwa nikienda dukani kunusa karafuu tu, siyo kununua."

Nikamuuliza hali, kama nesi. Amefunga! Miaka themanini na moja, moyo, presha, sukari, na amefunga siku zote thelathini. Nikaanza kugomba, akaniashiria ninyamaze. "Saa moja imebaki. Nipe nilicholetewa."

Nikatoa kanga. Nilikuwa nimejifunza ile sentensi tangu Hatta. Nikafungua mdomo, lakini yeye tayari ameshaikunjua kanga, ameipeleka puani, anapitisha kidole kwenye pindo lililochakaa. Akakaa kimya muda. Halafu akasema: "Dada yangu hajawahi kunipa nguo aliyoivaa. Nguo iliyovaliwa hugawiwa." Akaniangalia. "Lini?"

Neno moja tu. Lini.

Nataka mnielewe hapa. Nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Ningesema bibi, hapana, kaamua mwenyewe akupe. Lakini kazi yangu ni hii. Kila wiki kuna familia inayonivuta koridoni: "Sista, usimwambie." Na kila wiki mgonjwa huyo huyo ananiuliza usiku, familia imeshaondoka. Mwaka 2020, tarehe 31 Machi, mtaa wetu wa Al Ras ulipofungwa kwa korona, mimi nilikuwa wodini, naongea na familia kwa simu zilizowekwa kwenye mifuko ya plastiki. Nilijifunza pale kwamba mtu anaweza kubeba habari mbaya. Asichoweza kubeba ni kugundua kwamba wote walijua isipokuwa yeye.

Nikasema: "Novemba, bibi. Alikufa usingizini. Mama alikuwa pembeni yake."

Akasema innaa lillahi. Hakupiga kelele. Nikamshika kiganja, kidole changu kikaenda chenyewe kwenye mshipa, nahesabu. Machozi yakamtoka, mapigo yakapanda kidogo, yakashuka. Halafu akasema maneno ambayo nawaletea kama yalivyo, kwa sababu ni yenu:

"Miezi minne namwombea maiti apate afya. Ramadhani nzima. Kila nikifuturu nasema, Mola, mrudishie dada yangu sauti. Mngeniambia, ningemwombea rehema. Mmeninyima, na yeye mmemnyima."

Sikuwa na jibu. Chuoni tulifundishwa mengi kuhusu haki ya mgonjwa kujua. Hilo la dua hakuna aliyenifundisha.

Akauliza saa ngapi. Kumi na mbili kasoro dakika kumi. Akasema: "Basi Ramadhani bado ipo." Akaomba maji ya udhu, akajifunga ile kanga kichwani, akakaa kwenye mswala mpaka adhana. Dua ya mfungaji wakati wa kufuturu mnajua thamani yake. Nilikaa nyuma yake na nikahesabu: kama Oman wangeuona mwezi na wenzao wa Dubai, saa ile ingeshakuwa Idi. Siku moja tu. Ile siku tuliyoicheka kwenye basi.

Adhana ilipolia alifuturu kwa tende na maji, akanywa dawa zake mbele yangu. Nikampima presha mara tatu usiku ule. Ilikuwa juu kidogo, siyo ya kutisha. Tulikesha. Alinisimulia bibi yetu alivyokuwa msichana, alivyomfundisha kuogelea kwa kumsukuma majini Forodhani. Nilicheka mpaka mjukuu akaja kuona kuna nini. Asubuhi ya Idi alisambaza habari kwa jamaa zake wote, wakaja kwa Idi na kwa tanzia pamoja, halua na kahawa mkononi, hawajui wapongeze au wape pole.

Saa nne wakanipeleka Mutrah. Wenzangu walikuwa wameshapiga picha barabara ya pwani na usiku wake walikuwa wamebanwa sokoni na watu wa dakika za mwisho wanaonunua kofia. Tukaenda mbele ya kasri la Al Alam, zile nguzo za buluu na dhahabu, na ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, zimeketi juu ya mawe kama walinzi. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Haikunisumbua. Nilirudi Dubai nimelala njia nzima, kichwa begani kwa Mganda mmoja ambaye simjui jina mpaka leo.

Sasa, mama yangu na wajomba. Najua mmekwisha kuhisi, maana bibi mdogo alipiga simu siku ya pili ya Idi na hakumficha mtu hasira yake. Mmesema nimevunja agizo la wakubwa. Kweli nimevunja, na kwa hilo naomba radhi. Kwa kumwambia siombi radhi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hiki kilio kingekuja tu, kwa mdomo wa mtu asiye na kifaa cha presha mkononi. Na naomba jambo moja: msiseme tena "nesi wetu amesema" kama sikusema.

Bibi mdogo anataka hitima isomwe Unguja kwa jina lake na pesa ametuma. Mpigieni. Hana kinyongo kirefu, anataka tu mumsimulie siku ile ilivyokuwa, nani alimwosha, mvua ilinyesha au hapana. Msimulieni yote.

Haya, nakimbia, nguo zitakauka mpaka ziwe mbao. Zamu yangu saa moja usiku. Watoto wabusuni.